Kusoma presha ya ndani ya fuvu kwenye picha ya CT: mwongozo kwa aliye zamu

Mwongozo huu ni wa tabibu au daktari wa zamu ya usiku, Arusha au Moshi, aliyeletewa majeruhi wa bodaboda au mgonjwa wa kichwa kisichopoa. Picha ya CT (ya mionzi, inayoonyesha kichwa kipande kwa kipande) ipo, ripoti ya mtaalamu wa mionzi bado. Kumbuka kwamba CT haikupi namba ya presha. Inakuonyesha nafasi iliyobaki ndani ya fuvu. Fuvu la mtu mzima halitanuki, na limejaa ubongo (takriban 80%), damu (10%) na maji ya ubongo (10%, kama mililita 150). Damu ikivilia au ubongo ukivimba, maji husukumwa kwanza kwenda mgongoni, kisha damu ya vena hutoka. Akiba hiyo ikiisha, mililita chache tu hupandisha presha ghafla. Mtu mzima aliyelala huwa chini ya mmHg (milimita za zebaki) 15, na kwa majeruhi wa kichwa matibabu ya kuishusha huanza ikivuka 22. Kwa hiyo swali lako katika kila hatua ni moja: maji yamekwenda wapi?

Hatua ya 1: Pata faili zenyewe

Omba CD yenye faili za DICOM, yaani picha asilia za mashine. Filamu iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa WhatsApp haitoshi: huwezi kubadili dirisha, kupima uzito wa kivuli wala kunyoosha kichwa kilichopinda. Kufungulia faili, tumia Weasis: ni ya bure na inakubali Windows, Mac na Linux. Ukiwa na filamu tu, tafuta kwanza mstari wa sentimita uliochapwa pembeni, kwa sababu kichwa kwenye filamu ni kidogo kuliko halisi na rula ya kawaida itakudanganya. Hakiki jina na saa ya kipimo. Kulia kwa mgonjwa ni kushoto kwako.

Hatua ya 2: Madirisha matatu

Dirisha ni mpangilio wa weusi na weupe wa picha, kwa namba za Hounsfield (HU), kipimo cha uzito wa kivuli. Ubongo: upana 80, kati 40. Damu ya pembeni: upana 200, kati 75. Mfupa: upana 2500, kati 500. Usiruke la pili. Damu nyembamba iliyoganda kando ya mfupa haionekani kwenye dirisha la 80, maana mfupa na damu vyote huwa vyeupe pe.

Hatua ya 3: Sisterna kabla ya yote

Wengi hukimbilia mstari wa kati, unaogawa ubongo kulia na kushoto. Anza chini, kwenye sisterna, yaani nafasi za maji zinazozunguka shina la ubongo. Juu ya tezi ya pituitari utaona nyota nyeusi: ncha tano ukiwa usawa wa ponsi (sehemu ya shina la ubongo), sita ukipanda hadi ubongo wa kati. Nyuma ya ubongo wa kati kuna upinde mweusi. Andika neno moja kati ya matatu: wazi, zimebanwa, hazionekani. Upande mmoja wa ubongo ukisukumwa chini, pembe ya nyota ya upande huo ndiyo huzibwa kwanza, na neva ya tatu ya kichwa, inayobana mboni, inapita hapo hapo. Ndiyo sababu mboni ya upande huo hupanuka. Mboni ikishapanuka, usisubiri picha nyingine.

Kuna mtego hapa. Sisterna nyeupe si lazima iwe ya damu. Ubongo uliovimba wote huwa mweusi kuliko kawaida, na sisterna zilizobanwa huonekana nyeupe kando yake. Weka alama ya kupimia: damu mbichi husoma takriban HU 50 hadi 80, maji 0 hadi 15. Ukipata 30 hadi 40, fikiria uvimbe kabla ya kuandika damu.

Hatua ya 4: Kupima mstari wa kati

Hatua hii ndiyo hula muda, na makosa yake ndiyo humfanya mgonjwa asafirishwe bure au aachwe wodini. Kosa kubwa ni kupima kabla ya kunyoosha. Majeruhi mwenye kola ya shingo hulala amepinda, kipande kimoja kikakata kulia juu na kushoto chini, ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo) zikaonekana tofauti hata kama hakuna kilichosukumwa. Angalia lenzi za macho na mifereji ya masikio: zikitokea mbili mbili kwenye kipande kimoja, kichwa kimenyooka. La sivyo, tumia vipande vya milimita 1 au chini, ufungue mwonekano wa pande tatu, uzungushe mistari mpaka vilingane. Vipande vya milimita 5 havifai kwa kunyoosha. Picha hutoka na ngazi ngazi.

Kisha chagua usawa wa tundu la Monro, ventrikali za pembeni zinapoungana na ya tatu. Vuta mstari kutoka ukingo wa ndani wa mfupa wa paji hadi kinundu cha ndani cha kisogo. Usiufuate utando wa falksi, ulio kati ya nusu mbili za ubongo, maana wenyewe huweza kuwa umepinda. Kutoka kwenye mstari huo, pima kwa pembe mraba hadi septamu pelusidamu, ukuta mwembamba kati ya ventrikali za pembeni. Zaidi ya milimita 5 ni jambo la dharura.

Wapo wanaogawa upana wa fuvu kwa mbili na kutoa umbali wa septamu kutoka kwenye mfupa. Sipendekezi. Mafuvu mengi hayalingani kulia na kushoto, na tofauti ya milimita 3 inatosha kubadili uamuzi.

Septamu ikiwa na kuta mbili zenye maji katikati, ambayo ni hali ya kuzaliwa nayo, pima hadi katikati ya kuta hizo. Ubongo wa mgonjwa aliyetolewa kipande cha fuvu huelemea upande ulio wazi, kwa hiyo namba yake isome peke yake. Halafu lililo kubwa zaidi: damu ikivilia pande zote mbili, pande hizo husukumana na mstari ukabaki katikati kabisa. Sufuri hiyo haina faraja. Utaikamata tu kama ulianza na sisterna.

Hatua ya 5: Ventrikali

Kijana wa miaka 20 huwa na ventrikali nyembamba kwa kawaida. Mikunjo ya ubongo na sisterna zikionekana vizuri, usishtuke. Njia ya maji ikiziba, pembe za ventrikali upande wa masikio hupanuka mapema (zaidi ya milimita 2), na giza huzunguka pembe za mbele. Ventrikali ya nne ikiwa imebonyezwa, usitoboe mgongo.

Hatua ya 6: Ujazo wa damu, kisha simu

Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, gawa kwa 2. Kimo ni idadi ya vipande mara unene wake: vipande 8 vya milimita 5 ni sentimita 4. Sentimita 6 × 3 × 4 ÷ 2 ni mililita 36. Damu iliyo juu ya dura (utando mgumu unaofunika ubongo) ikizidi mililita 30 ni ya upasuaji hata mgonjwa akiwa anaongea. Iliyo chini ya dura: unene zaidi ya milimita 10, au mstari kusogea zaidi ya 5. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80, kwa hiyo mpe daktari wa upasuaji taarifa kamili kwa simu moja: umri, GCS (alama za fahamu), mboni, sisterna, milimita na upande, ujazo, saa ya picha. Kitanda kiinuliwe nyuzi 30 kichwani, shingo iwe imenyooka.

Hatua ya 7: Picha ikiwa safi

CT safi haiondoi presha. Mgonjwa wa VVU mwenye homa ya uti wa mgongo ya kriptokoka (aina ya kuvu) anaweza kuwa na picha ya kawaida kabisa huku maji ya mgongo yakitoka kwa presha zaidi ya sentimita 25 za maji. Ukimtoboa mgongo kupima, alazwe ubavu, miguu ilegezwe kabla ya kusoma. Kama hakuna manometa (bomba la kupimia presha), unga bomba safi la dripu kwenye sindano, lisimamishe kando ya rula, sufuri ikiwa usawa wa sindano. Ikizidi 25, toa maji mpaka ishuke hadi 20 au chini. Ikiwa ilikuwa juu sana, ishushe hadi nusu. Rudia kila siku dalili zikiendelea. Usichanganye vipimo: mmHg 1 ni sentimita 1.36 za maji, hivyo mmHg 22 ni karibu sentimita 30.