Kutoka kuchana hadi kuigiza kwa sauti: mwongozo kwa rapa wa Nyanda za Juu Kusini

Sauti ya CJ, mhusika mkuu katika mchezo wa video wa GTA: San Andreas wa mwaka 2004, ni ya Young Maylay, rapa wa Los Angeles. Rapa anaingia kwenye kazi hii ya kuigiza kwa sauti akiwa na mtaji mkubwa: pumzi ndefu, ulimi mwepesi, mazoea ya maiki. Kinachomwangusha ni biti, yaani mdundo. Ukichana, biti inakubeba. Ukisoma tangazo la mbolea, unabebwa na maana ya sentensi tu.

Anzia hapo. Chukua mistari yako, zima biti, isome kama unamweleza jirani. Utajikuta unapandisha sauti kila penye kina na kukaza silabi isiyostahili. Kiswahili kwa kawaida hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo ukihama neno linaweza kugeuka: barabára ni njia ya magari, barábara ni sawasawa. Jirekodi, sikiliza, tia alama ya penseli kila mkazo ulipopotea, rudia. Chunga pia r na l. "Mbolea bola" inaharibu tangazo zima.

Kwa Mbeya na Tukuyu adui mkubwa wa kurekodi nyumbani ni bati. Mvua ikianza Novemba, panga kazi zako asubuhi, kwa sababu mlio wa mvua juu ya bati umejaa kwenye masafa yaleyale ya sauti ya mtu. Programu ikiufuta, inakufuta na wewe. Mwangwi wa chumba unatibika kwa mablanketi mazito au godoro, ila wengi huliweka nyuma ya maiki. Liweke nyuma yako. Maiki inakutazama wewe, kwa hiyo inasikia ukuta ulio mgongoni kwako. Piga kofi moja; ukisikia mlio unabaki hewani, ongeza blanketi.

Acha kuimeza maiki kama jukwaani, maana ukiikaribia besi inajaa na maneno yanazama. Umbali ni ngumi moja na kidole gumba kilichonyooshwa, na maiki ikae pembeni kidogo ya mdomo ili "punguzo" na "pikipiki" zisiipulize. Sauti ya juu kabisa isivuke desibeli -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodi. Kwenye mipangilio ya programu chagua 48 kHz, 24-bit (hii si biti ya mdundo) na mono, yaani njia moja ya sauti; rekodi bila mwangwi wala autotune, na acha sekunde 10 za ukimya mwanzoni ili fundi apate kelele halisi ya chumba. Tuma faili la WAV, yaani sauti isiyobanwa.

Baridi ya Juni na Julai kule Makete na Njombe hukaza koo. Kunywa maji ya uvuguvugu nusu saa kabla, si dakika moja kabla. Mdomo ukitoa vile vimlio vya mate, tafuna kipande cha epo chachu, Makete hayakosekani.

Kuingiza sauti kwenye tamthilia ya kigeni ni kazi ngumu zaidi, na hapa ndipo rapa anapong'ara, kwa sababu tayari anajua kuhesabu silabi. Tazama kipande mara mbili bila sauti. Tafuta midomo inapofunga, kwenye m, b na p, kisha upange maneno yaangukie hapo. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu, ya Kiingereza mengi huishia kwa konsonanti, ndiyo maana mdomo wa mwigizaji unafunga na wewe bado unasema. Mwigizaji akisema "stop", "acha" inaacha mdomo wazi. "Koma" inaufunga penye m, nawe uikate ile a iwe fupi. Sentensi ikizidi, "ninakwenda" igeuze "naenda" kabla hujaongeza kasi. Ukikimbia, hisia zinakufa.

Demo iwe ya sekunde 60: tangazo, simulizi, ujumbe wa afya na mhusika mmoja wa kuigiza. Kilicho bora kitangulie. Wapelekee redio za mkoani, wauza pembejeo na watengeneza filamu wa Mbeya na Iringa.

Kabla ya kurekodi, andikianeni na mteja: tangazo litatumika wapi, kwa miezi mingapi, na kwa bei gani likihamia runinga. Makosa yako unarudia bure. Skripti ikibadilishwa baada ya kurekodi, hayo ni malipo mapya.