SOMO: Sensa ya oksijeni hukaa muda gani, na jinsi ya kujua imekufa kabla hujanunua nyingine

Kila wiki swali ni lile lile: "Gari linakula mafuta, nibadilishe sensa ya oksijeni?" Nimechoka kulijibu moja moja, kwa hiyo naweka yote hapa. Sensa hii hukaa kwenye ekzosi na kuiambia kompyuta ya gari kama injini inapata hewa nyingi au petroli nyingi. Somo ni la magari ya petroli, hasa Toyota za Japani.

Sensa za zamani zenye waya moja au mbili, zisizo na hita, huchoka kati ya kilomita 50,000 na 80,000. Zenye waya tatu au nne, zenye hita ndani, hufika kama 160,000. Gari likishuka bandarini na kilomita 110,000, sensa ya kiwandani imeshamaliza zaidi ya nusu ya maisha yake. Lakini umri peke yake si ushahidi. Injini inayokula oili, maji ya rejeta yanayovujia kwenye silinda, au gundi ya silikoni isiyofaa iliyopakwa kwenye gasketi, vyote huua hata sensa mpya.

Dalili zake ni taa ya injini, mafuta kuisha haraka, moshi mweusi wenye harufu ya petroli, sailensi (mizunguko ya injini gari likiwa limesimama) kupanda na kushuka. Plagi zilizochoka au mpira wa hewa uliopasuka huleta mambo hayo hayo, ndiyo maana tunapima.

1. Soma namba za kosa kwa mashine inayochomekwa kwenye kompyuta ya gari. P0135 ni hita ya sensa ya mbele (iliyo kabla ya masega, kisafisha moshi cha ekzosi), P0141 hita ya sensa ya nyuma (iliyo baada ya masega), P0133 sensa ya mbele inajibu polepole. P0171 ni hewa nyingi kuliko petroli. Hapo mara nyingi sensa inasema kweli, na mjumbe hauawi: tafuta hewa inapoingilia, au pampu ya mafuta iliyochoka.

2. Kagua waya na soketi yake.

3. Sikiliza ekzosi injini ikiwa baridi. Tundu lililo kabla ya sensa huvuta hewa ya nje, sensa husoma hewa nyingi, kompyuta huongeza petroli bure.

4. Pima hita injini ikiwa baridi, soketi imechomolewa. Kwenye sensa za kampuni ya Denso za waya nne, nyeusi mbili ni hita, bluu ni ishara, nyeupe ni ardhi. Sensa nyingi za kawaida za Toyota husoma ohm 11 hadi 16. Multimita isiposoma kitu, hita imekatika.

5. Pima ishara ya sensa ya mbele. Rudisha soketi, injini ipate moto, shikilia mizunguko 2,500 kwa dakika mbili au tatu, kisha choma ncha ya multimita nyuma ya soketi kwenye waya wa bluu. Volti iruke kati ya 0.1 na 0.9, angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ikiganda chini, chomoa kisafisha hewa na upulizie dawa ya kabureta kidogo sana kwenye njia ya hewa. Ikipanda, sensa ni nzima na ubovu uko kwingine.

6. Kufungua. Hapa ndipo watu huharibu manifodi (bomba la ekzosi linaloungana na injini) ya bei kubwa kwa ajili ya sensa. Washa injini dakika chache, zima, subiri hadi chuma kiwe vuguvugu: kikiwa baridi kabisa meno (nyuzi za kufungia sensa) hung'ang'ania, kikiwa cha moto sana utaungua. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu, ngoja nusu saa. Tumia soketi ya spana ya milimita 22 yenye mpasuo wa kupitisha waya. Spana ya kawaida hulainisha kona. Ikilegea robo mzunguko kisha ikakaza, USILAZIMISHE. Irudishe ndani, pulizia tena, toa kidogo, rudisha kidogo. Ukivuta kwa hasira itatoka na meno ya manifodi, na itabidi kuyachonga upya, kwa kipimo cha M18 x 1.5. Futa mafuta yote kwenye tundu kabla ya kufunga mpya. Grisi ya kuzuia kushikana ipakwe kwenye meno tu, isiguse ncha, na kama sensa imekuja nayo usiongeze. Anza kwa vidole, maliza kwa Nm 40 hadi 45. Ikianguka sakafuni usiifunge; kauri ya ndani hupasuka bila kuonekana nje.

7. Futa namba za kosa, endesha, soma tena.

MASWALI

Mwenye Noah: Mkuu taa imewaka, ninunue sensa ipi?

Jibu: Hatua ya 1. Rudi na namba.

Mwenye Vitz: Fundi wangu huiosha kwa petroli inapona.

Jibu: Masizi huungua yenyewe injini ikirudi sawa. Silikoni na risasi hushika kwenye kauri, hazioshwi. Kama "ilipona", huenda ni soketi tu iliyokaa vizuri ilipochomolewa.

Mwenye RAV4: Samahani kaka, sensa yangu ya nyuma inakaa volti 0.7 haitikisiki. Imekufa?

Jibu: Hapana, na umefanya vyema kupima. Masega huhifadhi oksijeni na kuitoa inapohitajika, hivyo hewa ya nyuma hutulia. Sensa ya nyuma ikianza kuruka kama ya mbele, masega ndiyo yamechoka, na hapo huja P0420. Wengi hubadilisha sensa ya nyuma kwa namba hiyo na taa hurudi.

Mwenye Noah: P0135 na P0141 kwa pamoja.

Jibu: Sasa tunaongea. Hita mbili hazifi siku moja. Angalia fyuzi na relei yake kwanza.

Mwenye Harrier: Sensa ya mbele haifiki hata mara moja kwenye volti 0.1 hadi 0.9.

Jibu: Tazama namba ya Toyota ya kipuri hicho. Ikianza na 89465 ni sensa ya kawaida. Ikianza na 89467 ni ya aina ya kupima uwiano wa hewa na petroli: vipimo vya hatua ya 4 na 5 haviihusu, isome kwa mashine. Usifunge moja mahali pa nyingine hata meno yakikubali.

Mwenye Vitz: Na kuunga waya kwa risasi ya kuchomelea?

Jibu: Usifanye hivyo. Sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganishia kupitia katikati ya nyuzi za waya, na risasi huziba njia. Kama lazima uunge, tumia viungio vya kubana, na usijaze grisi kwenye soketi.

Mwenye Noah: Ilikuwa fyuzi. Asante mkuu.

Jibu: Weka ya ampea ile ile. Ikikatika tena, fuata waya wa hita hadi unapogusa ekzosi.