Kabla ya kuwasha taa ya UV-C (mionzi ya urujuanimno) ya kuua vijidudu

Chumba kiwe kitupu: pasiwe na mtu, mnyama wala mmea. Mlango ufungwe na swichi iwe nje, mbali na swichi ya taa ya kawaida. Zikikaa pamoja, siku moja mtu atabonyeza isiyo yake.

Futa vumbi kwanza. Mionzi ya taa hii, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, hufanya besi mbili za thaimini (moja ya "herufi" nne za DNA) zilizo jirani kwenye DNA zifungamane, kijidudu kikashindwa kuzaliana. Lakini sharti mionzi ikifikie. Penye kivuli au uchafu haifanyi kazi. Dozi nayo hutofautiana: kuua asilimia 90 ya bakteria E. coli huhitaji takriban milijuli 3 kwa sentimita mraba, ilhali mbegu za ukungu wa Aspergillus niger huhitaji zaidi ya 100.

Macho sasa, na hapa soma taratibu. Mionzi hii haionekani na haiumi papo hapo. Mwanga wa buluu unaouona kwenye taa ni sehemu ndogo tu ya kinachotoka. Ndiyo maana mtu huingia "kuchukua kitu mara moja", akapekua kabati, akatoka mzima. Saa 6 hadi 12 baadaye, mara nyingi usiku, anaamka macho yanakwaruza kama yametiwa mchanga, machozi yanatiririka, mwanga hautazamiki. Seli za juu za konea, utando angavu wa mbele ya jicho, zimeungua na zinabanduka. Asisugue, atoe lenzi kama anavaa, akae gizani, aende kliniki. Kwa kawaida hupona ndani ya siku 1 hadi 2. Matone ya ganzi asijitilie nyumbani, maana huchelewesha konea kupona.

Piga hesabu uone. Tyubu ya wati 30 hutoa takriban mikrowati 100 kwa sentimita mraba ukiwa mita 1. Kikomo cha ICNIRP, tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi kama hii, kwa nanomita 254 ni milijuli 6 kwa sentimita mraba kwa siku ya kazi ya saa 8. Kikomo hicho kinafika kwa sekunde 60! Kwa hiyo anayelazimika kuingia avae ngao ya uso ya polikaboneti, glovu na mikono mirefu, na shingo ifunikwe. Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia mionzi hii, upenyo wa mlango hauzuii, na alumini huiakisi vizuri sana.

Soma maelezo ya tyubu: zinazotoa pia nanomita 185 hutengeneza ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Ukinusa harufu kali, toka, pitisha hewa.

Tyubu ifutwe kwa spiriti ikiwa imezimwa na imepoa. Usiishike kwa vidole vitupu, mafuta ya ngozi huzuia mionzi. Andika saa za matumizi, kwani nyingi huchoka karibu na saa 9,000 huku buluu bado inang'aa. Ikipasuka, ndani mna zebaki: fungua madirisha, usifagie. Kagua pia nyaya na plastiki zilizo karibu, hupauka na kupasuka. Na usimulike mikono kamwe, wala usiache rimoti mahali mtoto anapofikia.