Mwenyekiti akileta kimemo kwenye kamati

Nimekuwa katibu wa kamati ya mikopo ya SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya walimu huku Tanga kwa miaka 6. Wakopaji sugu niliwazoea. Vimemo ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Cha kwanza kilikuja kwenye kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, wino mwekundu kama wa kusahihishia: “Mpitishieni huyu 2,000,000. Fomu atajaza Jumatatu.” Chini, sahihi ya mwenyekiti. Mwombaji alikuwa na akiba ya 300,000, na masharti yetu yalisema mkopo usizidi mara 3 ya akiba. Tulipitisha. Ndiyo, na mimi nilitia sahihi.

Kama umechaguliwa juzi kwenye kamati ya chama, anza kwa kuuliza: kamati yenu ni mtoto wa nani? Kamati ya usimamizi huchaguliwa na mkutano mkuu, na kazi yake ni kuichunguza bodi yenyewe, mwenyekiti akiwemo. Hana ruhusa ya kuivunja, kuibadilishia wajumbe wala kuiambia daftari lipi lisifunguliwe. Kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Kamati yetu ya mikopo iliundwa na bodi, kwa hiyo bodi ilikuwa na kauli juu yetu. Lakini bodi ni kikao chenye akidi na muhtasari. Mwenyekiti akikukuta soko la Mgandini umebeba nazi zako, akakwambia “bodi imeamua”, muombe kwa heshima namba ya muhtasari.

Kisha fungua masharti ya chama, usitegemee kumbukumbu za wazee. Tafuta iwapo mwenyekiti ni mjumbe wa kila kamati kwa wadhifa wake. Kama ni mjumbe, je, anapiga kura? Anahesabiwa kwenye akidi? Wa kwetu alikuwa akija, anakalia kiti cha mbele, anaongoza kikao kana kwamba ni cha bodi. Tulipofungua kitabu, hakikuwa na neno hata moja la kumpa kiti kile. Tukakubaliana: karibu sana, atasikilizwa, kura hana. Na ile kura yake ya uamuzi, ya kura zikilingana, ilikuwa ya vikao vya bodi tu.

Kimemo kikija, usigombane wala usikichane. Kibandike kwenye faili la mwombaji, halafu jibu kwa maandishi. Mimi niliandika hivi: “Kamati imepokea ombi hili. Litajadiliwa kwenye kikao cha tarehe 14, fomu, wadhamini na taarifa ya akiba vikiwa vimekamilika.” Nakala nikampa meneja. Hakuna tusi, hakuna “hapana”, na pesa haitoki.

Msigeuke na nyinyi mkawa wafalme wadogo. Mwenyekiti akitaka taarifa ya mikopo ya mwezi, mpeni. Akiona mmemwonea mwanachama, anaweza kulipeleka suala bodini, na bodi ikawataka mlitazame upya.

Aking'ang'ania, andikieni bodi, kisha kamati ya usimamizi. Ikishindikana, nendeni kwa Afisa Ushirika wa halmashauri. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inampa Mrajis, yaani msajili wa vyama vya ushirika, mamlaka ya kukagua na kuchunguza vyama, na mara nyingi kutajwa kwake tu kunatuliza watu.

Sisi hatukufika huko. Miezi michache baadaye mwenyekiti alileta fomu yake mwenyewe, anaomba mkopo wa pikipiki. Nikamwambia, “Shikamoo mwalimu, tunakuomba utupishe kidogo.” Akaniangalia, akatoka, akakaa chini ya mwembe kama dakika 20 anachezea funguo. Tukampunguzia 400,000, maana mdhamini wake mmoja alikuwa na deni. Alipoitwa ndani alisoma muhtasari mara 2, akaomba kalamu.