Vifuniko vya kemshafti vikichubuka

Boda nyingi hapa Malindi kemshafti yake (shafti inayofungua vali) huzunguka kwenye beringi za gololi, kwa hiyo mwenye boda apite tu. Hii ni ya piki kubwa za kemshafti mbili, kama niliyoletewa juzi Barani: oili ilikauka, kifuniko kinachoshikilia kemshafti kimechubuka hadi ukucha unakwama kwenye michirizi.

Jua hivi: kiwandani vifuniko huchongwa vikiwa vimefungwa kwenye hedi yake, yaani kichwa cha injini. Cha hedi nyingine hakikai. Nikiwa bado mwanafunzi nilifunga cha mtumba, kemshafti ikagoma. Nikakaza kwa hasira, bolti ikakatikia ndani. Mzee wangu hakunigombeza, alinipa tu drili na kuondoka. Tafuta hedi nzima ya mtumba na vifuniko vyake, au upeleke kwa fundi wa mashine za kuchonga.

Panga alama za taimingi, zile za kulinganisha kemshafti na mzunguko wa injini, funga cheni kwa waya isitumbukie ndani. Legeza bolti robo robo, kwa kupishana. Vifuniko vipange juu ya katoni kwa namba na mishale yake. Puliza matundu ya oili. Yakiziba, kazi yote bure.

Pima nafasi kati ya shafti na kifuniko kwa uzi laini wa plastiki wa kupimia: shafti kavu, laza uzi juu yake, kaza, usizungushe, fungua, linganisha upana wa uzi uliobanwa na vipimo vya kwenye pakiti yake, kisha nafasi uliyopata na kitabu cha piki. Kisha paka oili, kaza kidogo kidogo. Bolti za milimita 6 nyingi hutaka nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 10 hadi 12, kwa spana ya kipimo, si kwa mkono. Zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, pima tapeti (nafasi ya vali), ndipo upige stata.