Namna ya kumsahihisha mpiga chapuo anayeanza

Walimu wengi wanaofundisha wageni kupiga chapuo, ile ngoma ndogo, hapa Bagamoyo husahihisha kila pigo papo hapo. Wanaingilia kazi ambayo ubongo wa mwanafunzi umekwisha kuianza.

Kabla kiganja hakijagusa ngozi, ubongo huwa umeshabashiri sauti itakayotoka na jinsi mguso utakavyokuwa. Serebela, ule ubongo mdogo ulioko kisogoni, hulinganisha utabiri huo na kilichotokea. Vikipishana, ishara ya kosa hutoka kwenye shina la ubongo na kufika kwenye seli za Purkinje, seli kubwa za serebela; maungio ya neva yaliyochangia pigo hilo hudhoofishwa, na linalofuata hutoka tofauti kidogo. Ulinganishaji huo unahitaji vitu viwili: utabiri ulio wazi na matokeo ya kuaminika.

Kwa hiyo anza na ngoma yenyewe. Unyevu wa pwani hulegeza ngozi. Ikilegea katikati ya somo, pigo lililo sahihi litatoa sauti mbovu, na ubongo hautajua kama kosa ni la mkono au la ngoma. Ubongo ukilaumu ngoma, hautajirekebisha hata pale mkono unapokosea kweli. Ukilaumu mkono, utaharibu pigo zuri. Ipashe moto kabla ya somo, na ukisikia imeshuka, simamisha mazoezi uipashe tena. Hili wengi hulidharau.

Kisha mpigie sauti mbili, pigo zito la katikati na kofi kali la ukingoni, mpaka azitambue akiwa amefumba macho. Asiyezitofautisha kwa sikio hana cha kulinganishia, kwa hiyo bado usimpe ngoma. Akiwa tayari, weka metronomu ya simu, programu inayogonga mapigo kwa kasi moja, kwenye mapigo 60 kwa dakika.

Akikosea, nyamaza kama sekunde 3. Muulize, "Limetokaje?" Aseme mwenyewe kama amewahi, amechelewa au amekaza kiganja, ndipo useme lako. Tena usiseme kila mara. Mwaka 1990 watafiti Winstein na Schmidt walionyesha kwamba walioambiwa matokeo yao katika nusu tu ya majaribio walikumbuka vizuri zaidi walipopimwa baadaye kuliko walioambiwa kila mara. Tofauti ndogondogo ziache, maana mkono wa binadamu haurudii pigo lilelile mara mbili, na ukizifukuzia utamyumbisha bure. Kumshika mkono pia kuwe kwa kuonyesha tu: ukimwongoza, kosa halitokei, na serebela haina cha kurekebisha.

Midundo miwili inayogombania mkono mmoja usiifundishe kwa mfululizo. Brashers-Krug na wenzake (1996), wakitumia mkono wa roboti, waliona kuwa somo la pili linalopingana na la kwanza huliharibu likifuata mara moja, lakini si likifuata baada ya muda wa saa 4 kupita. Mmoja asubuhi, mwingine jioni.

Kosa sugu ni jambo jingine. Likirudiwa sana, ubongo huanza kuitarajia ile sauti mbovu. Utabiri na matokeo vinalingana, na ishara ya kosa hufifia. Kumwambia tena hakusaidii sana. Rekodi pigo lake kwa simu, kisha lako, azisikilize sauti hizo zikifuatana mpaka aibaini tofauti bila kuonyeshwa, halafu mrudishe kwenye mapigo 50 kwa dakika.