Kitabu cha anwani cha Thunderbird hakileti majina kutoka seva ya LDAP: anza kupima hapa

Seva ya saraka (LDAP, yaani orodha ya majina na anwani inayotunzwa kwenye seva) ikigoma, programu ya barua pepe ya Thunderbird haisemi mengi. Unaandika jina, unasubiri, orodha inabaki tupu. Utupu huohuo hutokea poti ikiwa imefungwa, nenosiri likiwa limeisha muda, au herufi moja ikikosewa kwenye mipangilio. Kwa hiyo usianze kubadilisha-badilisha mipangilio. Pima kwanza nje ya Thunderbird, ukianzia kwenye mtandao.

Hakikisha pia kwamba tatizo lipo kweli. Kitabu cha LDAP hakionyeshi majina unapokifungua. Hukaa kitupu mpaka uandike kitu kwenye kisanduku cha kutafutia. Wengi hulalamikia seva ambayo ni nzima kabisa.

Je, seva inafikika? Mifano hapa inatumia seva ya kubuni. Weka jina la kwako. Kwenye Linux au Mac:

`nc -vz saraka.mfano.example 636`

Kwenye PowerShell ya Windows:

`Test-NetConnection saraka.mfano.example -Port 636`

Jina lisipotambulika, shida ni DNS, huduma inayogeuza majina kuwa anwani za mtandao. Muunganisho ukining'inia hadi muda ukaisha, mara nyingi fayawoli inatupa pakiti kimyakimya. Ukikataliwa papo hapo, kwa kawaida hakuna huduma inayosikiliza kwenye poti hiyo. Uko nyumbani? Washa VPN kwanza, maana saraka ya ofisi kwa kawaida haiachwi wazi kwenye intaneti, na haipaswi kuachwa.

Poti na cheti. Ukiweka tiki kwenye "Use secure connection (SSL)", poti iwe 636, au 3269 kwa katalogi ya jumla (Global Catalog) ya Active Directory, saraka ya Microsoft. Tiki pamoja na 389 haviendi: Thunderbird inaanza na TLS (mazungumzo yaliyosimbwa) huku seva ikisubiri LDAP ya kawaida, muunganisho unakatika. Kisha kitazame cheti chenyewe, ambacho seva hukitoa kuthibitisha utambulisho wake:

`openssl s_client -connect saraka.mfano.example:636 -showcerts`

Angalia jina, tarehe na aliyekitia saini. Kwenye "Hostname" ukiandika 10.0.0.5 badala ya jina lililomo ndani ya cheti, kitakataliwa hata kama seva ni ileile. Kompyuta ambayo betri ya saa imekufa nayo hukataa cheti kisicho na kosa, kwa sababu inadhani bado tuko miaka ya nyuma. Kama cheti kimesainiwa na mamlaka ya ofisi, ingiza cheti cha mamlaka hiyo ndani ya Thunderbird: Settings, Privacy & Security, Manage Certificates, kichupo cha Authorities, Import. Tafadhali usiondoe tiki na kurudi 389 ili mambo yaende tu. Kwa njia hiyo nenosiri lako linasafiri wazi mtandaoni.

Base DN na Bind DN. Makosa mengi yako hapa. Base DN ni mahali utafutaji unapoanzia. Bind DN ni utambulisho wako. Usikisie Base DN, iulize seva kwa ldapsearch, amri ya kutafuta kwenye LDAP:

`ldapsearch -x -H ldaps://saraka.mfano.example -s base -b "" namingContexts`

Ukishapata mzizi, jaribu utafutaji kamili:

`ldapsearch -x -H ldaps://saraka.mfano.example -D "uid=asha,ou=watu,dc=mfano,dc=example" -W -b "ou=watu,dc=mfano,dc=example" "(cn=*juma*)" cn mail`

Soma namba inayorudi. 32 maana yake hakuna kitu kwenye njia uliyotaja. Kwenye Active Directory sababu yake ya kawaida ni kuandika OU=Users (OU ni kitengo), wakati chombo cha awali cha watumiaji ni CN=Users. 49 ni utambulisho au nenosiri kukataliwa, na Active Directory huongeza msimbo unaoeleza zaidi: 52e ni jina au nenosiri baya, 532 nenosiri limeisha muda, 533 akaunti imezimwa, 775 akaunti imefungwa. Huko pia Bind DN inaweza kuandikwa kwa umbo la asha@mfano.example, ambalo ni gumu zaidi kulikosea. Kosa la namba 1 lenye maneno "a successful bind must be completed" linamaanisha umetafuta bila kujitambulisha. Jaza Bind DN.

Namba ikiwa 0 lakini hakuna jina hata moja, angalia kichujio (sehemu ya amri kama `(cn=*juma*)`) na ruhusa za akaunti yako. Watu wakirudi bila mstari wa `mail`, Thunderbird haina anwani ya kukujazia. Msimamizi wa saraka ndiye wa kuijaza.

ldapsearch inaleta, Thunderbird haileti. Linganisha mipangilio herufi kwa herufi, halafu fungua "Advanced". "Scope" ikiwa One Level, vitengo vya ndani havitafutwi, weka Subtree. Kama ulibadilisha nenosiri hivi karibuni, nenda Saved Passwords, futa mstari wa seva hiyo unaoanza na ldap, kisha anzisha upya programu ili ikuulize jipya.

Kitabu kikipata majina lakini hayajitokezi unapoandika barua, nenda Settings, Composition, Addressing, uweke tiki kwenye "Directory Server" na uchague saraka yako. Akaunti moja inaweza kuwa na chaguo lake tofauti kwenye Account Settings, kwa hiyo kagua huko pia.

Majina yakikatikia 100, hicho ni kikomo cha Thunderbird yenyewe, kwenye "Advanced". Ukikipandisha, kumbuka seva ina chake: kwa kawaida 500 kwa OpenLDAP (seva ya LDAP ya programu huria) na 1000 kwa Active Directory. Namba 4 kwenye ldapsearch ndiyo ishara ya kukigonga.